Vifungo Vinavyofunguka kwenye Mpaka wa Mafuta na Maji

Wapo wahandisi ambao, wakielezwa kwamba emulsheni, yaani mchanganyiko wa matone ya mafuta ndani ya maji au ya maji ndani ya mafuta, inaweza kushikiliwa na vifungo vya kikemikali vinavyofungika na kufunguka tena, hujibu kuwa kinachofunguka kirahisi hakitegemeki. Jibu hilo lina uzito wake, lakini linapotosha kazi halisi ya kifungo kwenye mpaka wa mafuta na maji.

Tui la nazi ni matone ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji na kuzungukwa na protini. Likichemka bila kukorogwa, protini hugandana na tui hukatika. Jikoni hiyo ni hasara. Kiwandani, kukatika mara nyingi ndiyo shabaha: mafuta ghafi hutoka kisimani yakiwa yamechanganyika na maji na sharti yatenganishwe, na mpira bandia uliotengenezwa ndani ya maji sharti utolewe humo. Kinachohitajika, basi, ni emulsheni iliyo imara kwa muda wa kazi na inayokatika pale tu inapotakiwa.

Safaktanti za kawaida, yaani molekuli zenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, huingia na kutoka mpakani kila mara. Chembe ngumu, ambazo wanasayansi Ramsden na Pickering walizieleza mwaka 1903 na 1907, hushika kwa namna nyingine kabisa. Chukua chembe ya silika, madini yanayounda mchanga, yenye nusukipenyo cha nanomita 10, kwenye mpaka wenye mvutano wa milinewtoni 50 kwa mita, ikikutana na mpaka huo kwa pembe ya digrii 90. Kuing'oa hapo kunahitaji nishati takriban mara 3,800 ya ile inayotokana na mtikisiko wa joto la chumbani, kwa hiyo haing'oki yenyewe. Ishushe pembe hiyo hadi digrii 30, na hesabu inaanguka hadi chini ya 70. Ishushe hadi 15, na kinachobaki ni kati ya 4 na 5, kiasi ambacho mtikisiko wa joto pekee unaweza kukimudu. Chembe ni ileile na mafuta ni yaleyale. Kilichobadilika ni jinsi uso wake unavyolowana. Hesabu hii ndiyo inayonifanya niamini kwamba wakosoaji wanatafuta uimara mahali pasipo pake.

Kazi ya kifungo ni kuamua pembe hiyo. Silika iliyopachikwa amini, yaani kundi la kikemikali lenye nitrojeni, ikikutana na benzaldehaidi, molekuli ndogo inayopenda mafuta, katika maji yasiyo na asidi, viwili hivyo huungana kuwa imini, yaani kifungo cha kaboni na nitrojeni, uso wa chembe hupata sehemu inayopenda mafuta, na chembe hukaa mpakani. Asidi ikiongezwa, maji huvunja imini, benzaldehaidi huhamia kwenye mafuta, nayo silika hurudi majini na emulsheni hukatika. Imini ni kifungo kovalenti kamili, ambapo atomi hushirikiana elektroni, wala si mshikamano wa kubahatisha. Isitoshe, imini moja moja zinaweza kufunguka na kufungika tena bila tone kuathirika, kwa sababu linalolilinda ni chembe nzima yenye vifungo vingi.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi ya ile ya udhaifu, nayo ni chumvi. Kila mzunguko wa asidi ya kufungua na besi, kinyume cha asidi, ya kufunga tena huacha chumvi ndani ya maji; ikirundikana, chembe huanza kugandana na idadi ya mizunguko hufikia kikomo. Benzaldehaidi iliyohamia kwenye mafuta nayo huwa uchafu wa kuondolewa. Katika mafuta ghafi, ambako joto, umeme na kiasi kidogo cha dawa ya kuvunja emulsheni vinatosha, sioni sababu ya kiwanda kununua chembe zilizopachikwa kemikali kwa gharama kubwa.

Hata hivyo, tatizo la chumvi lilikwisha kupata jibu moja mwaka 2006, pale Philip Jessop wa Chuo Kikuu cha Queen's nchini Kanada na wenzake walipochapisha kazi yao katika jarida la Science. Walitumia amidini, molekuli zenye nitrojeni, zenye mkia mrefu: zikipata maji na kaboni dioksaidi huwa safaktanti, na gesi kama agoni ikipitishwa ndani yake kwa nyuzi joto 65 hurudi zilivyokuwa. Kaboni dioksaidi, iliyowasha badiliko hilo, huondoka hewani bila kuacha chumvi. Gharama huhamia kwenye joto, kwani kupasha lita 1,000 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 65 kunakula zaidi kidogo ya kilowati-saa 46, ambayo si haba isipokuwa kiwanda kina joto la ziada linalopotea bure.

Ndiyo maana natazama zaidi lateksi za viwandani, yaani maji yenye chembe ndogo za mpira bandia au plastiki zilizotawanyika, kuliko visima vya mafuta. Kwa kawaida lateksi hukatishwa kwa chumvi au asidi, kisha hulazimu kuoshwa kwa maji mengi yanayoishia kuwa majitaka. Jessop na mwenzake wa chuo hichohicho, Michael Cunningham, walionyesha baadaye kwamba lateksi iliyoshikiliwa na safaktanti za aina hii inaweza kukatishwa kwa kuondoa kaboni dioksaidi, kisha kutawanywa tena kwa kuirudisha. Hapo mlinganisho wa haki ni kati ya gharama ya molekuli hizo na gharama ya chumvi, maji ya kuoshea na usafishaji wa majitaka kwa pamoja, pamoja na nauli ya maji ambayo leo yanasafirishwa na lateksi hadi kwa mnunuzi.