Mtani wa msibani ndo komediani wangu wa kwanza

Watu wakisikia stendapu, yani mtu mmoja kusimama mbele ya watu na kuwachekesha kwa stori, wanadhani ni kitu kimeshuka na ndege juzi juzi. Mi ya kwanza niliiona msibani, Songea, siku tunamzika baba mdogo.

Sisi Wangoni watani zetu Wahehe, babu zetu walichapana vita kweli kweli karne ya 19, leo tunachapana maneno tu, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Sasa baba mdogo alikuwa na saa mkononi ilishakufa zamani, haivui, na kila anayekutana naye anamuuliza saa ngapi. Ukimwambia si una saa? anakujibu "saa ninayo, muda ndo sina". Miaka yote hiyo hiyo. Siku ya mazishi mtani katoka ndani kavaa koti la marehemu na ile saa, anakuja na ule mwendo wake wa kuburuza mguu, kasimama mbele ya mama mdogo, "saa ngapi saa hizi?" Kimya. Bibi mmoja huko nyuma akadakia, si una saa wewe? "Saa ninayo, muda ndo sina." Mama mdogo ambaye hajala siku mbili alicheka mpaka khanga ikamdondoka, afu ndo akalia vizuri.

Nilipoanza kupanda jukwaani hapa Dar nikaileta hiyo stori, ila nikaitia chumvi, eti mtani katumbukia kaburini, jeneza limefunguka, sijui nini, nakimbia huku na huku jasho linanitoka. Ukumbi kimya, jamaa mmoja mbele anachati. Nikarudi siku nyingine nikaisimulia kama ilivyokuwa, nimesimama tu, nimeshika mkono wangu wa kushoto kama nina saa. Walicheka kabla sijamaliza.

Ndo maana mi sikubaliani na hawa madogo wanaodhani komedi ni kuvaa gauni na kupiga kelele. Mbona mchekeshaji Joti anavaa gauni, watasema. Joti akiwa bibi unamwona bibi kabisa, anavyokaa, anavyokukata jicho, yule mtu kaangalia mabibi kwa kituo. Na King Majuto, Mungu amrehemu, katutoka Agosti 2018 ila klipu zake mpaka leo watu wanatumiana, kwa sababu ukimwangalia unaona kabisa huyu mzee namjua, ananidai.

Mi siku hizi sikai naumiza kichwa kutunga, napanda daladala bila earphone, nakaa saluni hata kama sinyoi, nikisikia kitu najirekodia kwenye simu fasta kabla sijakiharibu. Cha jana nimekitoa kwa fundi cherehani, nimefuata suruali niliyoahidiwa wiki mbili, kaniangalia usoni bila hata aibu: "Yako tayari kaka, imebaki kushona tu."