Bamdogo alicheza michezo yote miwili

Siku ya kuanua matanga, mtani mmoja wa Kizaramo alitoka ndani amevaa jezi ya njano ya Bamdogo, suruali kaikunja hadi magotini, filimbi mdomoni. Akaanza kulizunguka turubai mbio za polepole, kifua mbele, viwiko vinapiga kasia, huku akiitikiwa na wenzake: "Moja, mbili, riba! Moja, mbili, riba!" Ni yeye mtupu. Hata ile namna yake ya kugeuka nyuma kuwahimiza wanaochoka, mtani aliipata. Mama mdogo, aliyekuwa amekaa godoroni sebuleni na kanga kichwani tangu siku tatu nyuma, alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akalia upya. Sisi ni Wanyamwezi. Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za misafara ya kushuka pwani, na siku ile niliwashukuru wazee wetu waliotuachia jamaa wa namna hii.

Nimesoma tanzia nyingi za watu wa fedha. Huwa ni orodha ya vyeo: alianza kama karani, akawa meneja, akasomea hiki, akastaafu mwaka fulani. Ya Bamdogo nayo ilisomwa hivyo kanisani, na hakuna neno la uongo ndani yake. Lakini ilimwacha nje mwenyewe. Mimi nataka kusema jambo moja juu yake, ambalo naliona kubwa kuliko vyeo vyote: nyumbani kwake Magomeni, habari za pesa zilizungumzwa kama watu wanavyozungumza Simba na Yanga. Kwa sauti, mbele ya watoto, kwa kubishana na kucheka. Sijaona nyumba nyingine ya hivyo katika jiji hili.

Yeye mwenyewe alipenda kutukumbusha kwamba Kiswahili chetu kinaita "mchezo" kandanda, na kinaita "mchezo" pia zile fedha ambazo kina mama wa mtaani wanachangishana kila wiki na kupokezana kwa zamu. "Wenye lugha walijua," alikuwa akisema. "Ukishacheza na wenzako ndipo unajua nani wa kumwamini." Mama mdogo ndiye aliyekuwa kijumbe, mkusanyaji wa fedha za mchezo wa mtaa wao, kazi aliyoifanya sambamba na ualimu wa shule ya msingi. Bamdogo, mtu wa benki, alimheshimu kijumbe huyo kupita mabosi wake. Alisema benki inakuuliza dhamana uliyonayo, kijumbe anakuuliza tabia yako, na swali la pili ndilo gumu.

Aliingia benki mwaka 1983. Wakati ule mtu akisema benki alimaanisha NBC, Benki ya Taifa ya Biashara, iliyoundwa 1967 Azimio la Arusha lilipotaifisha benki zilizokuwa za kigeni. Akiwa kazini aliona sheria ya 1991 ikifungua mlango kwa benki binafsi, akaona NBC ikigawanywa mwaka 1997 na benki ya NMB ikazaliwa, na mwezi wa nne 1998 akaona Soko la Hisa la Dar es Salaam linafungua biashara likiwa na kampuni moja tu, TOL ya gesi. Hayo yote alitusimulia kama mtu anayesimulia mechi aliyoiona akiwa uwanjani. Ila kuna sehemu ya simulizi hiyo ambayo sauti yake ilishuka kila mara: wenzake waliopigwa redandansi, yaani waliopunguzwa kazini. Walipewa kiinua mgongo, fedha ambazo hawajawahi kuzishika kwa mkupuo maishani mwao, wakaenda nazo nyumbani wakazificha. Wake hawakujua ni kiasi gani, watoto hawakujua kama kuna kitu. Wengine walinunua vipanya vya daladala ambavyo havikumaliza mwaka. "Walikuwa wahasibu wazuri kuliko mimi," alisema. "Kosa lao, walicheza peke yao."

Nadhani hapo ndipo ilipozaliwa ile Jumamosi.

Jumamosi ya Bamdogo ilianza saa kumi na moja alfajiri. Mtu yeyote anayeishi Dar anazijua klabu za jogging: fulana za rangi moja, mwimbishaji mbele, mchakamchaka ule ule tuliofundishwa shuleni, na madereva wanaovumilia barabara kufungwa. Yeye alikuwa mwimbishaji. Walitoka Magomeni, wakapita Kinondoni, wakaenda hadi daraja la Selander. Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022 akabadilisha njia siku hiyo hiyo ili wakimbie juu ya bahari mpaka ufukwe wa Coco. Ujana wake aliucheza beki wa kulia kwenye timu ya kazini, na kwenye SHIMMUTA, michezo ya mashirika ya umma na kampuni, ndiye aliyekuwa mtu wa nyuma kabisa wa kuvuta kamba, yule anayejifunga kamba kiunoni na kulala nayo. Alijivunia nafasi hiyo kuliko cheti chochote. Watoto wa mtaani walimwita Kocha, na sidhani kama nusu yao walijua kwamba ana kazi nyingine.

Wakirudi ilikuwa supu na chapati, halafu mkeka unatandikwa barazani na kaunta buku ya kwaya tatu inaletwa. Kikao cha kamati ya fedha kimefunguliwa. Yeye anasoma mshahara wake kwa sauti. Mama mdogo anasoma wake. Kisha ada, luku, maji, mchango wa harusi ya fulani, dawa za bibi Tabora. Mtoto anayetaka baiskeli anasimama na kueleza itapatikana kutoka mstari gani. Mdogo kuliko wote ndiye mwekahazina, kazi yake kuhesabu chenji iliyo ndani ya kopo la maziwa, na akikosea, filimbi inapulizwa. Watoto wa mtu mwingine wangechoka. Hawa walikuwa wanapigana vikumbo kuwahi kukaa karibu na daftari.

NMB ilipouza hisa zake, yaani vipande vya umiliki, kwa umma mwaka 2008, kwa shilingi 600 kila hisa, na benki ya CRDB mwaka uliofuata kwa shilingi 150, Bamdogo aliwanunulia wanawe watatu hisa chache kila mmoja. Hakuwaambia watatajirika. Aliwaambia: "Sasa na nyie mna timu. Timu inafungwa, inashinda, inatoka sare, na hamwezi kuzomea jukwaani kila dakika." Gawio, yaani fungu lao la faida, lilipoingia, hata likiwa la kununulia soda, lilisomwa barazani. Baadaye akaanza kununua hati fungani za serikali, na hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza zinavyofanya kazi: unaikopesha serikali, nayo inakulipa riba mara mbili kwa mwaka hadi muda uishe, halafu unarudishiwa mtaji wako. Alizipanga riba ziangukie karibu na Januari na Julai. "Mwalimu mkuu hasubiri mshahara wangu," alisema, "na mimi simsubirishi."

Na mimi jina langu limo kwenye daftari lile. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikaenda kumwomba laki nane za mtaji. Nilimfuata faragha, nikamvuta pembeni kama tunavyofanya wote. Akanirudisha barazani. "Nakupa, ila tuandike, na hawa wakiwa wanaona." Nilitia saini mbele ya watoto wa darasa la tano, uso unaniwaka, na njiani kurudi Tabata nilimchukia kweli kweli. Nililipa kwa miezi kumi na minne. Siku nilipoleta elfu hamsini ya mwisho alipuliza filimbi, nyumba nzima ikasimama kupiga makofi kama vile nimefunga bao, na mama mdogo akapiga vigelegele. Nimekopa sehemu nyingi tangu wakati ule. Hakuna nyingine iliyonishangilia nilipomaliza deni.

Utani wake ulikuwa na kipimo, na hili nataka lijulikane, maana kuna watu wachangamfu wasiojua pa kuishia. Yeye Yanga wa kuzaliwa, mama mdogo Simba wa kufa na kupona. Mwaka 1993 Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka suluhu kule Abidjan, halafu ikafungwa na Stella mabao mawili hapa hapa Uwanja wa Taifa, mji ulizizima. Kila shabiki wa Yanga alikuwa na neno la kusema. Bamdogo alirudi nyumbani na mishikaki iliyofungwa kwenye gazeti, akamwekea mkewe mezani, akakaa naye bila kusema kitu. Wiki nzima hakutaja mpira. Mama mdogo alinihadithia hili msibani, akiongeza kwamba ndipo alipojua ameolewa na nani.

Malipo yake aliyapata miaka thelathini baadaye. Mei 2023 alikuwa Uwanja wa Mkapa Yanga ilipofungwa 2-1 na USM Alger kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho. Yanga wakaenda Algiers wakashinda 1-0, kombe likapotea kwa bao la ugenini. Mama mdogo naye akanyamaza. Akamnunulia mishikaki. Bamdogo alikula mmoja, akatazama chini, akasema: "Tulikopa nyumbani, tukaenda kulipa ugenini. Mtaji tumerudisha wote. Riba ndiyo iliyotumaliza." Ndipo wakacheka.

Amefariki kwa kiharusi, usiku wa Alhamisi, akiwa na miaka sitini na sita. Tulimzika Kinondoni.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nikae chini kuandika. Kwa kawaida akaunti ya marehemu husimama mpaka msimamizi wa mirathi apatikane, kwa hiyo nilimsindikiza binamu yangu mkubwa, aliyetajwa kwenye wosia, hadi kile Kituo Jumuishi cha Temeke kinachosikiliza mashauri ya mirathi na ndoa. Kwenye benchi letu alikaa mama mmoja na mfuko wa rambo uliojaa karatasi. Aliniomba nimsomee. Kulikuwa na risiti za kulipia kiwanja asichojua kiko wapi, kadi za benki mbili, na laini ya simu ambayo namba yake ya siri marehemu aliondoka nayo. Ndoa ya miaka ishirini na saba. Alikuwa akiniuliza mimi, mpita njia, mumewe alikuwa na nini. Nyuma yake walisimama shemeji zake wawili ambao hawakumsemesha hata mara moja.

Binamu yangu alifungua kaunta buku, akanakili ukurasa mmoja. Akaunti, hisa, hati fungani na tarehe za kuiva kwake, nyumba, na madeni ya watu wanne, mmoja wao shemeji. Hakuna aliyeshtuka kwa kuwa hakuna ambaye hakuwahi kusikia. Ugomvi utaanzia wapi, wakati kila kitu kimeshabishaniwa barazani kwa miaka ishirini na tano, mwenyewe akiwa hai na filimbi mdomoni?

Wapo watakaosema mtoto akijua kipato cha baba atadeka, au mke akijua atabeba kwenda kwao. Nimeyasikia kwa wazee ninaowaheshimu, na siwaiti wabaya. Wamekulia mahali ambapo mwenye kitu aliogopa jicho la watu. Ila nimemwona yule mama wa Temeke. Tunawaeleza watoto wetu kikosi cha kwanza cha timu, wachezaji wa akiba, nani kasajiliwa kwa mkopo, halafu tunawaficha kikosi cha nyumba yao wenyewe. Kwa hili simung'unyi maneno: ni kuwaonea.

Lakini sitaki kumchora malaika. Alikuwa na jambo moja alilolificha, nami bado nina hasira naye. Wiki mbili baada ya mazishi, binamu yangu wa mwisho, yule aliyekuwa mwekahazina, aliligeuza daftari na kulifungua kutoka nyuma. Kulikuwa na safu tatu zimepigwa kwa rula: tarehe, namba ya juu, namba ya chini. Presha yake. Mwaka mzima na miezi minne. 150 kwa 95. 158 kwa 98. 171 kwa 104. Mwandiko ule ule safi wa mtu wa benki, Jumamosi kwa Jumamosi, baada ya mbio na kabla ya mkeka. Alijipima kwenye duka la dawa la jirani, akaandika, akafunga ukurasa, akaja barazani kutusomea bei ya luku. Nafikiri aliamini mbio zitamtosha. Labda aliogopa kwamba tukijua tutamvua filimbi, na kweli tungemvua.

Mama mdogo alizitazama namba zile muda mrefu, akaomba aachiwe daftari. Jumamosi iliyopita nilikwenda Magomeni. Mkeka ulikuwa umetandikwa pale pale. Walisoma matumizi, wakabishana kidogo juu ya bati la jiko, kisha akaweka mkono kwenye kile kimashine cha kupimia ambacho amekinunua kwa zamu yake ya mchezo. Akasoma kwa sauti, mpaka jirani wa pili akasikia: "Mia thelathini na nane kwa themanini na sita!" Mjukuu mwenye miaka tisa akaziandika chini ya zile za babu yake, akapiga mstari kwa rula, akapuliza filimbi.