Mradi wa programu uanze na ufuta, si korosho

Mikataba ya programu za kompyuta za AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, ninayoiona huku Lindi hupangwa vilevile: miezi miwili kukusanya mahitaji, miwili kusanifu, minne kuandika programu, mmoja wa majaribio, kisha makabidhiano na picha za pamoja. Kwenye karatasi inapendeza. Sasa anza kuhesabu Februari uone: majaribio yanaangukia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa.

Oktoba karani hana nafasi ya kujifunza kitu. Foleni ya magunia imefika nje ya ghala, na programu imegoma kuendelea mpaka ajaze barua pepe ya mkulima. Barua pepe! Mama mwenye gunia anamwambia, "Mwanangu, pima kwanza, hayo mengine utaniuliza kesho." Karani anafunika kompyuta, anavuta daftari. Mradi umekufa hapo, ingawa ripoti itaandika kwamba awamu ya nne imekamilika.

Winston Royce, mtaalamu wa programu wa Marekani ambaye makala yake ya 1970 hutajwa kama chimbuko la kupanga awamu moja baada ya nyingine, alionya humohumo kwamba kusubiri majaribio hadi mwisho ni kujitafutia kushindwa. Akashauri hata programu mpya iundwe mara mbili. Watu wakachukua mchoro, onyo wakaliacha.

Sisi tuna bahati ya ufuta. Unauzwa katikati ya mwaka, kabla ya korosho, nao, kama korosho, unapita stakabadhi ghalani, mfumo wa mkulima kuweka mazao ghalani, kupewa stakabadhi na kusubiri mnada: mizani, karani, mnada, malipo ya mkulima, njia ni ileile. Basi awamu ya kwanza iwe ndogo: kupima na kutoa stakabadhi, hata mtandao ukikatika. Ianze Juni kwenye AMCOS moja tu, tuseme ya Nachingwea. Makato na ripoti za chama kikuu cha ushirika zisubiri. Daftari liendelee kando, jioni hesabu zilinganishwe. Kilo zikipishana, aliyeandika programu awe palepale ghalani, asipigiwe simu Dar es Salaam.

Halafu malipo. Ukilipia ripoti, utaletewa ripoti. Wakandarasi hawatapenda kusubiri hela mpaka Novemba, programu ikishajaribiwa kwenye minada ya korosho, na wana haki ya kudai malipo ya awali ya kutosha. Ila awamu ya mwisho isilipwe kwa sahihi ya meneja peke yake. Na karani aweke yake.