Sikuzimia, Nilikaa

Kabla ya lolote: sikuzimia. Nilikaa. Nilikalia nini, hiyo nitaifikia, lakini naomba ijulikane kwamba macho yalikuwa wazi muda wote na akili zilikuwa timamu, kwa bahati mbaya.

Najua kile kiklipu cha mimi nikitengeneza sabufa yangu, ambacho mnasema nilizimia, mmeshakiona. Kimefika hadi kwenye grupu la familia, shangazi kanitumia sala ndefu yenye vimshumaa. Aliyekirekodi tumwite Shahidi, ingawa kwa namna anavyoisimulia hii kesi angefaa kuwa mwendesha mashtaka. Mimi nilijua ananimulikia tochi ya simu. Kumbe tochi inawaka na kamera inakula.

Haya. Sabufa ilianza kwa kudeka. Unawasha, kitaa kinawaka, kinazima, kinawaka, ndani unasikia tik, tik, tik. Mafundi mlio humu mmeshatabasamu. Ile tik-tik ni pawa saplai, sehemu inayoilisha sabufa umeme, inayojaribu kuamka, inaona hali si shwari, inajizima, inajaribu tena. Fyuzi ilikuwa nzima. Ingekuwa imeungua hadi kioo kimekuwa cheusi, hapo ungehofia vipuri vinavyopokea umeme mwanzoni, yaani daiodi au transista kubwa, vimepiga shoti. Yangu ilikuwa kesi ya kapasita, kile kikopo kinachotunza chaji ya umeme, ningeapa mbele ya wazee. Baadaye hata tik ikaisha. Kimya.

Nikafungua. Nikapima soketi ya ukutani kwanza, ili nisije nikalaumu sabufa bure, umeme upo. Kumbukeni hiyo soketi. Nikachomoa na wufa yenyewe, yaani ile spika kubwa ya ndani, nione kama koili, ule waya wake uliozungushwa, imeungua, mita ikasoma ohm 3 na kitu, ambayo kwa wufa ya ohm 4 ni nzuri kabisa. Nikairudisha mita kwenye volti, pale pale nilipoiacha wakati wa soketi. Wufa nikailaza sakafuni nyuma yangu, sumaku chini, karatasi ikitazama dari.

Hapo somo likaanza. Kwenye klipu mnasikia nimebadilisha sauti, naongea kama mgeni rasmi. Namwambia Shahidi: "Unaiona hii kapasita nene, imeandikwa volti 400? Umeme wa ukutani ni volti 230, lakini ukipita kwenye daiodi nne na kujaa humu unafika kama 325. Sasa pawa saplai nzima ukiichomoa, amplifaya inaendelea kula ile chaji mpaka inaisha. Iliyokufa haina mlaji. Chaji inabaki humo imetulia, inamsubiri mtu." (Kila neno hapo ni kweli, wadau. Rudieni klipu mkipenda. Ndicho kinachoniuma.)

"Kwa hiyo fundi makini anapima kwanza." Nikagusisha waya za mita, nyekundu huku, nyeusi kule. Sifuri. Nikaisogeza mita kwenye kamera, ambayo bado najua ni tochi. "Umeona? Imelala."

Sasa twende polepole.

Naichukua bodi. Naigeuza kifudifudi nione miguu ya kapasita, maana nataka kuchunguza risasi ya kulehemu kama imepasuka. Nimeishika ukingoni kwa mkono mmoja, kistaarabu kabisa. Kidole cha shahada kinateleza kidogo, kinatua kwenye mguu mmoja. Sisikii kitu. Nakumbuka hata nikifikiria kwamba hii risasi imepigwa vizuri kiwandani. Kidole gumba nacho kinakuja taratibu kushikilia bodi isianguke. Kinatua kwenye mguu wa pili.

Ilichofanya ile kapasita sitaki kukiita kupigwa shoti. Ilikuwa ni kutambulishwa. Mkono uliondoka na mimi nikaufuata. Bodi ilipaa. Mdomo ulitoa "maa—" na hapo ndipo Shahidi anapodai nilimwita mama yangu. Neno halikuisha! Lingeweza kuwa "maarifa." Magoti yakalegea, nikarudi nyuma hatua moja, ya pili haikupata pa kukanyaga, nikakaa.

Karatasi ya wufa ikisalimu amri inatoa mlio mmoja tu mfupi, "pwaa," halafu basi. Nilizama hadi kwenye fremu. Na mfuko wa nyuma ulikuwa na bisibisi, kwa sababu fundi makini hakosi bisibisi mfukoni. Ncha ilipenya karatasi, ikaenda moja kwa moja ilikokuwa sumaku, na sumaku ya wufa haina utani na chuma. Kwa hiyo nilipotaka kuinuka kwa heshima, wufa nayo ikainuka upande mmoja, ikanisindikiza, tukasimama nusu, tukarudi wote chini. Klipu inapoanza kutikisika si mtandao wenu. Ni Shahidi anacheka. Mtu kapigwa volti mia tatu na ushee, yeye wasiwasi wake ni picha isitoke kwenye fremu.

Mita? Mshale wa kuchagulia kipimo ulikuwa kwenye V yenye kiwimbi. Ya AC, umeme wa kwenda na kurudi, wa soketi. Kapasita ina DC, umeme wa upande mmoja. Mita haikusema uongo, iliulizwa habari za AC na ikajibu kwamba AC hakuna.

Mengine haraka haraka, maana aibu yote imeshaisha hapo juu. Nikaweka mshale kwenye V yenye kistari, nikaimaliza chaji ya kapasita kwa rezista, kipuri cha kuzuia umeme, ya kiloohm 2 yenye wati 5, nikapima upya, sifuri ya kweli. Mgonjwa hakuwa yule mnene wala wale wa upande wa kutolea umeme niliokuwa nawashuku. Ni kakapasita ka mikrofaradi 47, volti 50, kamejificha pembeni ya IC, ile chipu inayoendesha pawa saplai, jirani na rezista inayochemka, kichwa chake bapa hakijavimba hata kidogo. Kalikuwa kamekauka. Kazi yake ni kuiamsha IC. Nikaweka kapya, msitari kwenye hasi, nikawasha kwanza kupitia balbu ya nyuzi iliyofungwa kwa mfululizo. Balbu ikang'aa, ikafifia, kitaa cha sabufa kikawaka na kikatulia. Tiba safi kabisa.

Kwa hiyo sasa nina sabufa yenye pawa nzuri kuliko siku iliyotoka dukani, na wufa yenye alama ya makalio. Nimejaribu kuibandika kwa gundi nyeupe na vipande vya karatasi laini. Ukiweka sauti ndogo inaimba. Ukiongeza, inakoroma.

Natafuta wufa ya inchi 10, ohm 4, hata iliyotumika. Mwenye nayo aje inbox. Shahidi, wewe usijisumbue, ukija utakuja na simu.