Noah Iliyogoma Ukweni

Siku tuliyopeleka posa Ujiji, mambo yalinyooka mpaka tulipotaka kuondoka. Barua ilipokelewa, wali na mgebuka vikaliwa, mahari ikatajwa, na mshenga wetu, baba mdogo, akaipunguza kwa maneno matamu hadi wakwe wenyewe wakacheka. Tukasindikizwa garini. Nikazungusha ufunguo. Kimya.

Haikuwa ile tak-tak-tak ya betri iliyochoka. Taa za dashibodi zinawaka, honi inapiga kelele, stata haigusi kabisa. Ila humo ndani kuna kitu kinalia: pii, pii, pii. Noah yenyewe niliazima kwa rafiki yangu wa Mwanga, kwa hiyo milio yake siijui. Baba mdogo akasema ni njaa hiyo, mafuta yamekwisha. Geji inasoma nusu tanki.

Ujiji ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, mzee wa watu kadhoofika, na mali alizotumiwa zimeshauzwa. Mgeni kukwama pale si habari. Punde barza nzima ikahamia kwetu, kila mtu na ugonjwa wake: plagi zimelowa, fyuzi, pampu ya mafuta. Sasa stata haizunguki, pampu inaingiaje? Lakini mtu aliyetoka kuomba binti habishani na kaka zake.

Fundi akaletwa na bodaboda. Akamwagia tamino maji ya moto, akapima betri: volti 12.6, nzima. Basi ni stata. Akajilaza chini, akawa anaigonga kwa mpini wa nyundo, na kila akisema "haya!" mimi nazungusha ufunguo. Alitoka na mchanga kichwani, akatoa hukumu: imeungua, ishushwe.

Mjomba wa binti hakutaka kusikia. Tusukume! Nikamweleza kwa adabu kwamba gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, kwa sababu pampu ya gia inazungushwa na injini, na injini ikilala gia haina nguvu ya kukamata.

"Mwanangu, sisi tumesukuma hata maboti."

Wakasukuma. Tukapita msikiti, tukapita wauza mawese, watoto nyuma wanaimba, pii pii inaitikia, na baba mdogo kiti cha mbele na bakora yake anapungia watu mkono kama waziri aliyekuja kuzindua kisima.

Pumzi zilipowaishia nikachungulia simu, ambayo kwa heshima ya ukweni nilikuwa nimeizima mlio. Ujumbe wa mchumba wangu ulikuwa umeingia kitambo. Yeye siku hiyo hakutakiwa hata kusogelea dirisha. "Taa nyeupe za nyuma zinawaka tangu mlipopanda. Angalia gia."

Kwenye Noah ile mkono wa gia uko ubavuni mwa usukani, na taa ya kuonyesha gia imeungua. Baba mdogo alipokuwa anapanda, mimi nimeshafungua swichi na mguu uko kwenye breki, akaukamata ule mkono ajivutie ndani. Ukashuka R, gia ya kurudi nyuma. Na stata haipati umeme mpaka gia iwe P, ya kuegesha, au N, ya huru. Ile pii pii ilikuwa inatuambia tunarudi nyuma. Tena katika wasukumaji wote wale hakuna aliyejiuliza mbona gari linasogea, wakati lingekuwa P magurudumu yangefungwa.

Nikarudisha P. Ikawaka hapo hapo.

Fundi akasema alijua tu ni mambo ya umeme, akadai hela ya nyundo. Baba mdogo akatangaza kwamba alikuwa anasoma dua kimoyomoyo. Lakini shemeji yangu mdogo alikuwa ameshachungulia simu na kusoma ujumbe kwa sauti, na habari ikamfikia shangazi wa binti kabla sijageuza gari. Akaja mwenyewe, akaweka mkono kwenye dirisha.

"Mshenga, teremka kwanza. Ile mahari uliyoipunguza ni ya mchumba. Fundi hatujamtajia bei."