Mbona wanawake wenyewe wanaitana hivyo?

Mwanaume akikanywa kwa kumwita mwanamke malaya, jibu lake huwa liko tayari: mbona wao wenyewe wanaitana hivyo? Hoja hiyo ina ukweli, na wanaotetea heshima ya wanawake wasiipite juu juu. Ingia saluni Sinza au Temeke, utamsikia aliyesukwa nusu kichwa akimpokea mwenzake mlangoni: "We malaya, ulipotelea wapi wiki nzima?" Aliyeitwa anacheka, anavuta kiti, anaomba chaji.

Wapo pia wanawake wanaolitumia kwa nia mbaya kabisa. Mke aliyekuta meseji kwenye simu ya mumewe huanza na mwanamke mwenzake. Zamu ya mume pengine haifiki. Na hulisema uani, mbele ya wapangaji wote. Hapa wanaume wana haki ya kuuliza. Tusi la jirani anayejua unarudi saa ngapi na nani kakuleta huaminiwa haraka kuliko la mpita njia. Mhudumu wa baa anaweza kuhamishwa chumba kwa maneno ya wanawake wa nyumba anayopanga, bila mwanaume yeyote kufungua mdomo.

Lakini tuangalie mwanaume hulitoa lini. Jioni, kituoni Mbagala Rangi Tatu, kijana wa bodaboda anaita: "Mrembo, njoo nikupeleke." Dada hajibu. "Si nakuita wewe?" Kimya. Hajafika mbali, linamfuata: "Malaya mkubwa, unaringia nini?" Punde tu alikuwa mrembo. Katikati hapo hakuna alichofanya ila kukataa. Wa saluni anamkaribisha rafiki. Mke ana jeraha, hata kama amekosea wa kumlipisha. Kijana huyu anadai utii. Na yeye mwenyewe akiitwa malaya na mpenzi wake, kijiweni atapigiwa makofi. Kwa mwanamke tusi hilo linabaki tusi, na huyu anajua hivyo ndiyo maana akalichagua.

Jiji hili la Dar es Salaam limewahi kuona hukumu ya aina hiyo ikipata nguvu ya siasa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya mavazi kama sketi fupi, ianze Januari 1969. Haikusubiriwa. Oktoba hiyohiyo wanawake walivamiwa Kariakoo kwa sababu ya nguo walizovaa. Wapo wanawake walioiunga mkono marufuku ile, tena kwa dhati. Ila waliowakamata watu barabarani walikuwa vijana wa kiume. Kwangu tofauti iko hapo: neno la mwanamke huweza kuharibu jina, na hilo si dogo, lakini la mwanaume mara nyingi lina mkono nyuma yake. Yule dada wa Rangi Tatu anaongeza mwendo kwa sababu analijua hilo.

Sheria haitazami tusi limetoka mdomo wa nani. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinagusa lugha ya matusi inayoweza kuleta uvunjifu wa amani. Kwa maneno hayo, ugomvi wa uani unaonekana haraka: kanga zinavutwa, mjumbe anaitwa. Anayeinamisha kichwa kituoni na kwenda zake havunji amani ya mtu, kwa hiyo aliyoyapata hayafiki kwa mjumbe wala kituo cha polisi. Kunyamaza kwake, ambako ndiko kunamlinda usiku ule, ndiko kunakomficha aliyemtukana.

Ningependa dada zetu waache kuitana hivyo, hata kwa utani, maana watoto wa kiume wanakaa humo humo saluni wakisubiri mama zao. Lakini siwezi kuanza na wao. Vijiwe vingi vya bodaboda vina viongozi wake, na dereva asiyetoa mchango husimamishwa kupaki. Kumtukana dada aliyekataa kupanda kuingizwe kwenye makosa hayohayo, kwa adhabu ileile.