Ala za Reason nje ya Reason

Kwa miaka mingi, aliyezipenda ala za Reason, programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta, alilazimika kuhamia Reason yenyewe. Programu hiyo ya Propellerhead, kampuni ya Stockholm, ilitoka mwaka 2000 ikiwa na rafu ya ala za kompyuta: sintesaiza (zinazounda sauti), sampula (zinazopiga sauti zilizorekodiwa) na mashine za ngoma. Ukibonyeza Tab rafu inageuka, unaona nyaya za nyuma na kuzichomeka utakavyo. Mwenye Cubase, programu nyingine ya muziki, aliweza kuiunganisha na Reason kwa ReWire, njia ya kupitisha sauti kati ya programu mbili, ila alikuwa anaendesha programu mbili kwa mpigo. Mwaka 2018 Europa, sintesaiza mojawapo ya Reason, ikaanza kuuzwa peke yake kama plagini, yaani ala inayofunguka ndani ya programu nyingine ya muziki. Mwaka uliofuata, Reason 11 ikaifanya rafu nzima ifunguke ndani ya programu za wengine.

Wapo walionung'unika, na hoja yao si ya kubeza. Ala ndizo zilizowavuta watu. Zikipatikana kwingine, nani atabaki kurekodi ndani ya Reason? Tena kampuni ikishaona fedha zinatoka kwa watu wa nje, sehemu ya kurekodi na kupanga wimbo huenda ikasahaulika.

Apple ilipita njia ya pili, ya kuifungia ala ndani ya programu zake. Mwaka 2015 iliinunua kampuni ya Camel Audio, na sintesaiza yake ya Alchemy, iliyokuwa ikitumika Windows na Mac, ikaibukia ndani ya Logic Pro X, programu ya muziki ya Apple inayotumika kwenye Mac tu. Wenye Logic walifurahi, maana waliipata bila kuongeza senti. Wa Windows wakabaki na toleo la zamani lisilo na mwenyewe. Lakini Apple inauza kompyuta. Logic ikimshawishi mtu anunue Mac, hesabu imelipa. Kampuni ndogo haina Mac ya kuuza.

Nami naona prodyuza aliyezoea FL Studio, programu nyingine ya muziki, kama walivyo wengi Dar es Salaam na Nairobi, hahami kwa ajili ya sintesaiza moja. Vidole vimeshazoea, na kazi za wateja zimo humo. Kumnyima plagini si kumvuta, ni kuikataa pesa yake.

Gharama halisi iko kwenye matunzo. Programu za muziki zinatofautiana kwa aina ya plagini zinayoipokea: Logic inataka AU, Pro Tools inataka AAX, nyingi zilizobaki zinataka VST3, na kila moja ijaribiwe Windows na Mac. Apple ilipoleta chipu yake ya M1 kwenye Mac mwaka 2020, waundaji wa plagini walirudi mezani upya. Plagini ikigoma ndani ya programu ya kampuni nyingine, mteja anamlalamikia aliyemuuzia, hata kama kosa ni la programu hiyo.

Ndiyo maana naona mtindo wa Europa ulikuwa bora kuliko wa rafu nzima: ala chache, zinauzwa mojamoja, zinatunzwa vizuri. Rafu ya Reason 11 ilikuja pamoja na programu yenyewe, kwa hiyo mtu wa FL Studio alilipia hata mikisa (sehemu ya kuchanganya sauti) na sehemu ya kurekodi ambazo hana haja nazo.